Kafeini Hufuata Maji

Mhadhara wa wazi kwa wasusi, watengenezaji wa vipodozi vya nyumbani na wananchi wa Nyamagana, Mwanza

Wazee wangu na viongozi mliokaa mbele mtaniwia radhi nikielekea moja kwa moja kwa dada zangu wa saluni, maana ndio walionifanya nisimame hapa.

Nimeombwa nizungumzie kahawa kwenye ngozi na kwenye nywele. Hakuna asiyeijua chupa ninayoisema. Ni mafuta ya rangi ya hudhurungi, yanayonukia vizuri, na karatasi iliyobandikwa juu inaahidi kukuza nywele, kuzuia kunyonyoka na kuondoa weusi chini ya macho. Mwuzaji akiulizwa siri yake ni nini, atajibu kwa neno moja: kafeini.

Jambo langu ni fupi, na nitalisema mapema ili atakayeondoka kuwahi daladala ya Buhongwa aondoke nalo. Kafeini hufuata maji. Haifuati mafuta. Aliyeloweka unga wa kahawa kwenye mafuta ya nazi, akayaanika juani wiki mbili, akachuja, amepata mafuta ya nazi yenye rangi na harufu ya kahawa. Kafeini karibu yote ameitupa jalalani pamoja na machicha. Ni kama kutia chumvi kwenye mafuta ya kukaangia: utakoroga mpaka mkono uchoke, na chumvi itabaki chini.

Sasa tuanze na kahawa yenyewe, kwa sababu sisi watu wa ziwani hatuna haki ya kuizungumzia kana kwamba imetoka kwenye kopo. Ng'ambo ya maji haya, Bukoba, Wahaya walikuwa na mibuni yao kabla Mjerumani hajafika. Hawakuisaga wakainywa. Buni zilichemshwa pamoja na majani yenye harufu, zikakaushwa, zikatafunwa, na mgeni alikaribishwa nazo kabla hajaulizwa shida yake. Watu wawili walioapa undugu walitafuna buni iliyoguswa na damu zao. Tena si kila mtu aliruhusiwa kuipanda, kwani watawala waliishikilia. Emin Pasha alipoanzisha kituo cha Wajerumani pale Bukoba mwaka 1890 alikuta watu wanaoijua kahawa kwa namna yao, na mbegu yao ilikuwa robusta. Arabika ilikuja baadaye, lakini robusta ndiyo iliyobaki kuwa kahawa kuu ya Kagera, na ndiyo iliyovuka ziwa kuja kwetu kwa meli, magunia yakiteremshwa bandarini Mwanza pamoja na ndizi na abiria.

Nimetaja robusta kwa sababu maalumu. Katika soko la dunia bei yake huwa chini ya arabika, na wanywaji wa mbali huisema kuwa ni chungu mno. Lakini ukizipima zote mbili, robusta ina kafeini inayozidi kidogo asilimia 2 ya uzito wake, na arabika ina kama asilimia 1 na ushei. Maana yake kahawa ya Bukoba ina karibu mara mbili ya kafeini iliyomo kwenye arabika ya Tarime au ya Kilimanjaro. Kwa mambo tunayoyazungumza leo, anayedharau robusta anadharau kitu chenye nguvu zaidi.

Aliyeitenga kafeini kwa mara ya kwanza ni kijana Mjerumani aliyeitwa Friedlieb Ferdinand Runge. Mwaka 1819 alikutana na mshairi Goethe katika mji wa Jena, na Goethe, ambaye alipenda sana mambo ya sayansi, akampa buni akamwambia azichunguze. Runge akatoa ndani yake unga mweupe usio na harufu. Ushikeni mji huo wa Jena, tutaurudia. Na kumbukeni pia hayo maneno mawili: mweupe, usio na harufu. Rangi ya kahawia na ile harufu inayomwamsha mtu pale kijiweni Makoroboi si kafeini. Hivyo ni vitu vingine vinavyozaliwa buni inapokaangwa. Kwa hiyo mafuta yanayonukia kahawa hayajathibitisha chochote.

Twende kwenye maji. Katika joto la kawaida la chumbani, mililita 100 za maji hubeba kama gramu 2 za kafeini, basi. Maji yakiwa ya moto sana, nyuzi 80, hubeba kama gramu 18. Tofauti hiyo ndiyo inayowachanganya wale wanaoagiza unga mweupe wa kafeini mtandaoni. Anapima gramu 5, anatia kwenye mililita 100 za maji ya moto, unayeyuka wote, maji yanakuwa meupe safi, anafurahi, anafunga chupa. Asubuhi anakuta sindano nyeupe zimejaa chini. Anadhani ni ukungu, au ametapeliwa. Hakutapeliwa. Maji yamepoa, yameshindwa kubeba mzigo, yameushusha. Viwanda vinavyouza seramu ya kafeini ya asilimia 5 huongeza vimiminika vingine vya kuisaidia ikae, na hiyo ni kazi ya maabara.

Lakini je, tunahitaji kiasi chote hicho? Tupige hesabu ya jikoni. Chukua gramu 10 za unga wa robusta, yaani vijiko viwili vya chakula vilivyosawazishwa. Ndani yake mna miligramu 200 za kafeini au zaidi kidogo. Zimwagie mililita 100 za maji yaliyotoka kuchemka, funika, acha mpaka yapoe, chuja kwa kitambaa safi. Utapata maji yenye kafeini inayokaribia asilimia 0.2. Shikeni hiyo 0.2, kwa sababu si namba niliyoiokota.

Mwaka 2017 kulichapishwa jaribio lililofanyika India kwa wanaume 210 wenye kipara cha kurithi. Nusu walipaka dawa inayojulikana, minoksidili ya asilimia 5, na nusu walipaka kimiminika chenye kafeini ya asilimia 0.2, kwa miezi sita. Matokeo yakaonyesha kwamba kafeini haikuachwa nyuma na minoksidili kwa kiwango cha kujali. Habari njema? Kwa kiasi. Jaribio lile lilikuwa la wazi, kila mtu akijua anapaka nini, na hapakuwa na kundi la tatu lililopaka maji matupu. Mtu anayejua anapaka dawa mpya hujitazama kwenye kioo kwa jicho la matumaini.

Kabla ya hapo, mwaka 2007, watafiti wa Jena, mji uleule wa Runge, walichukua vinyweleo vya wanaume wenye kipara wakavikuza kwenye vyombo vya maabara. Walipoviwekea homoni ya kiume vilidumaa. Walipoongeza kafeini kidogo mno, sehemu elfu za asilimia, vikaendelea kukua. Mwaka huohuo wenzao wa Berlin wakaonyesha kwamba kafeini iliyomo kwenye shampuu hupenya ngozi ndani ya dakika 2, ikipitia vitundu vya nywele. Kutokana na kazi za namna hiyo ikakua biashara kubwa ya shampuu ya kafeini Ulaya, na maarufu kuliko zote ni Alpecin ya Ujerumani. Basi mwaka 2018 mamlaka ya Uingereza inayosimamia matangazo ikawaita wenye Alpecin ikawaambia: ushahidi mlioleta hautoshi kudai kwamba shampuu hii inasaidia kupunguza upotevu wa nywele, ondoeni tangazo. Kampuni yenye maabara, wanasayansi na wanasheria ilishindwa kulitetea dai hilo. Sisi tunaliandika kwa kalamu ya wino kwenye karatasi ya kubandika.

Na hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, dada zangu. Katika kazi hizo za India na za Jena, waliochunguzwa ni wanaume wenye kipara cha homoni. Vichwa vinavyokuja kwenu vikilalamika ni vya aina nyingine. Anakuja binti wa miaka 22, nywele za kipajini na za pembeni mwa masikio zimekwisha, ngozi inang'aa. Hilo halikutokana na homoni. Limetokana na rasta nzito, na twende kilioni iliyokazwa mpaka mtu analala macho wazi, na wigi la gundi, na dawa ya kulainisha juu ya hayo yote, mwezi baada ya mwezi. Kinyweleo kinachovutwa hivyo kikifa, huacha kovu, na hakuna kahawa ya Bukoba wala ya Brazili itakayokifufua. Kikiwa hakijafa, kinachokiponya ni kuacha kukivuta. Msusi anayemwambia mteja wake, "Mpenzi, leo sikusuki mbele, pumzisha," anafanya kazi kubwa kuliko chupa yoyote. Najua mteja atakwenda saluni ya jirani akasukwe. Mwambieni hata hivyo.

Watoto nao wana mapunye. Mabaka yale ya duara yasiyo na nywele, yenye magamba, ni fangasi, yanaambukiza, na yanahitaji dawa ya kumeza kutoka hospitali. Kumpaka mtoto mwenye mapunye mafuta ya kahawa ni kumchelewesha huku ndugu zake wakigawana kitana.

Macho nitayapitia haraka. Ni kweli kafeini hubana mishipa midogo ya damu, na kwa hoja hiyo huuzwa kwa ajili ya uvimbe wa chini ya macho. Watafiti wa Thailand waliijaribu jeli yenye kafeini ya asilimia 3 dhidi ya jeli tupu, na kwa wengi kilichopunguza uvimbe kilikuwa ule ubaridi wa jeli. Kitambaa safi kilicholowekwa maji baridi kitakufaa, na hakitakuingizia bakteria jichoni. Kuhusu weusi wa chini ya macho, kwa watu wengi wa rangi yetu ni rangi ya ngozi ya asili, na kafeini haina habari nayo.

Skrabu ya machicha ya kahawa ninaikubali, kwa masharti. Kwa visigino, viwiko na magoti ni nzuri na haina gharama: machicha uliyokwisha kunywa, mafuta kidogo, unasugua, unasuuza. Usoni hapana. Chembe zake zina kingo kali, na mwenye chunusi akijisugua nazo anafungua vidonda na kuacha madoa yatakayokaa kuliko chunusi zenyewe. Na tafadhali, ninyi wa nyumba za milimani Mabatini na kwingineko, machicha hayo msiyamwage kwenye bomba la bafu. Fundi atakula hela yenu.

Sasa nirudi kwenye maji, kwa sababu humo ndimo kazi ilimo. Mtu akishanielewa kwamba kafeini iko kwenye maji, atakwenda nyumbani achemshe kahawa, atie gliserini na mshubiri, ajaze chupa hamsini na kuziuza. Huyo ananitisha kuliko mwenye mafuta. Mafuta matupu hayana maji, na bakteria hawezi kuzaliana pasipo maji. Chupa ya mafuta itakaa miezi, mwisho itachacha tu na kunuka. Chupa ya maji ya kahawa ina sukari na vyakula vingine vya mmea, na Mwanza yetu ni joto. Siku ya pili bakteria wapo, ingawa huwaoni. Siku ya tano au ya sita unaona utando. Katikati ya siku hizo mbili ndipo mteja anapojipaka kwenye ngozi aliyoikwangua kinyozi kwa wembe. Kuyachemsha maji ya bomba ya MWAUWASA kabla ya kutengeneza kunasaidia kuanza safi. Hakukusaidii kubaki safi, maana kila kidole kinachoingia kwenye kopo kinaleta wageni.

Kwa hiyo kuna njia mbili za uaminifu. Ya kwanza ni ya nyumbani: tengeneza kidogo, tumia, mwaga. Osha nywele kwanza, mimina maji ya kahawa yaliyopoa kwenye ngozi ya kichwa, sugua kwa ncha za vidole, subiri dakika chache, suuza. Kilichobaki kisilale hata kama una friji. Mwenye mvi ajue zitashika rangi, na taulo nyeupe iwekwe mbali. Njia ya pili ni ya biashara, nayo haina mkato: lazima uweke kihifadhi. Wengi wenu mnaosindika juisi na jemu mnaifahamu sodiamu benzoeti. Hiyo hufanya kazi vizuri mahali penye uchachu, na maji ya kahawa kwa bahati nzuri yana uchachu wa kiasi, ila lazima upimwe, usikisiwe. Fenoksiethanoli nayo hutumika sana, na sheria za Ulaya zinaiwekea kikomo cha asilimia 1, yaani gramu 1 katika kila gramu 100. Kwa kipimo cha namna hiyo kijiko hakifai. Nunueni mzani mdogo wa kidijiti, wa aina wanayotumia wauza dhahabu. Mtu asiye na mzani asiuze kipodozi cha maji.

Nasikia neno "kihifadhi" linawakera wanaosema wanatengeneza vitu vya asili tupu. Ndugu zangu, ukungu nao ni wa asili.

Kuhusu ule unga mweupe wa kafeini tupu, nasema uache. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliwahi kuonya kwamba kijiko kimoja cha chai cha unga huo kina kafeini ya vikombe kama 28 vya kahawa. Hauna harufu, unafanana na sukari ya unga, na sisi ni watu wa kuweka mafuta ya taa kwenye chupa ya soda. Nyumba yenye mtoto haipaswi kuwa na kitu hicho kabatini, hasa wakati vijiko viwili vya robusta vinatosha.

Mtaniambia, mwalimu, unatutisha na bakteria wakati sokoni kuna mkorogo. Ni kweli, na Mwanza ina kumbukumbu yake katika hilo. Mwaka 1999 Masazumi Harada, daktari wa Japani aliyeutumia umri wake kwa wagonjwa wa zebaki wa Minamata, alichapisha na wenzake uchunguzi wa nywele za wachimba dhahabu, wavuvi na wakazi wa jiji hili. Walikuja wakitarajia kuifuata zebaki ya migodini. Katika nywele za baadhi ya watu, wakiwemo wa mjini wasiowahi kushika karai la dhahabu, walikuta zebaki nyingi kupita kiasi, na wakaihusisha na sabuni za kuogea zenye zebaki, zile za kung'arisha ngozi. Nywele zetu zilitoa ushahidi juu ya sabuni zetu. Sheria ipo, tangu ile ya Chakula, Dawa na Vipodozi ya mwaka 2003, na tangu 2019 vipodozi viko chini ya shirika la viwango, TBS. Anayetaka kuuza aanzie SIDO, shirika la viwanda vidogo, apate mafunzo na barua, kisha aende TBS. Na ukiandika kwenye chupa kwamba inatibu upara, umetoka kwenye vipodozi umeingia kwenye dawa, na huko utakutana na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba.

Kwamba Mtanzania hawezi kutengeneza kitu cha ngozi kikawa salama, hilo silikubali. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, hutengenezwa Kilisun, losheni ya kukinga jua kwa ajili ya watu wenye ualbino, na hufika mpaka mikoa hii ya kanda ya ziwa. Inatengenezwa na mikono ya hapahapa, ila kwa vipimo, kwa kumbukumbu ya kila mchanganyiko, na chini ya macho ya wafamasia. Nikishataja hilo niongeze: mafuta ya kahawa hayakingi jua. Atakayemuuzia mtu mwenye ualbino mafuta ya kahawa kwa kumwambia yatamkinga, anamuuzia kansa.

Basi ombi langu kwenu wenye chupa. Mkirudi nyumbani leo, mafuta yenu ya kahawa endeleeni kuyauza kama mafuta ya nazi yenye harufu ya kahawa, maana ni mazuri kwa kulainisha nywele kavu na hayamdhuru mtu, lakini futeni neno kafeini kwenye karatasi. Chupa za maji zisizo na kihifadhi zitoeni rafuni kabisa. Zinazobaki ziandikeni tarehe ya kutengenezwa, viungo vyote na namba ya simu inayopokelewa. Na mteja akija na kichwa chenye mabaka, chenye usaha au kinachong'aa kwa kunyonyoka, msimuuzie kitu. Mwelekezeni hospitali ya Bugando au ya Sekou Toure.